Bakshishi Inayotumika: Noti, Sarafu na Safari Zetu za Afrika Mashariki

Kila mwaka ifikapo Mei, mazungumzo ya klabu yetu hubadilika. Habari za ngeli na vitenzi hupungua, zikaanza habari za tiketi, viza na chanjo. Huyu anakwenda Dar es Salaam kwa utafiti, yule Mombasa kwa mazoezi ya lugha, wengine Unguja au Moshi. Tunaulizana kuhusu dawa za malaria, viatu vya mlimani na kanga za kuletewa walimu. Jambo moja tu huachwa hadi usiku wa kuamkia safari: pesa ya mkononi.

Si ajabu. Sisi wa Stockholm tumeisahau noti. Mabasi ya SL hayapokei pesa taslimu, na mikahawa mingi imebandika tangazo mlangoni kwamba haichukui kontanter. Tangu Swish ianze mwaka 2012, hata deni la kahawa baina ya marafiki linalipwa kwa simu. Wapo wanachama wetu waliojifunza neno "chenji" darasani kabla hawajawahi kupewa chenji yenyewe mkononi. Mtu wa namna hii akishuka Afrika Mashariki, anatakiwa kwa siku moja ajue noti za rangi tano, ahesabu kwa maelfu, na aamue ampe nini dereva, mhudumu, mpishi na mtembeza wageni.

Ndiyo maana tumewauliza wenzetu waliorudi, pamoja na Watanzania na Wakenya wanaoishi hapa jijini, swali moja: bakshishi ipi inamsaidia anayeipokea, na ipi inamwachia mzigo?

Kopo la sarafu

Jibu la kwanza tulilipata kwa wenzetu watatu waliosoma Kiswahili Unguja. Kijana aliyewatembeza Mji Mkongwe alipomaliza kazi yake aliwatolea kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na sarafu za yuro, za pauni, za Uswisi, na sarafu sita za krona kumi.

"Jamani wageni wangu, naomba mnisaidie," aliwaambia. "Nyinyi mnarudi kwenu, hizi zitawafaa. Mimi hapa nimezunguka nazo benki zote, hakuna anayezitaka."

"Lakini kaka, hizi ni pesa nzuri," mmoja akasema.

"Nzuri kwenu, dada. Kwangu mimi ni vyuma."

Alikuwa anasema kweli. Benki na maduka ya kubadilishia fedha hununua noti za kigeni, sarafu hazinunui. Sarafu ni nzito, na kuisafirisha kuirudisha ilikotoka kunagharimu kuliko faida yake. Tena maduka yenyewe yamepungua. Baada ya operesheni za serikali za mwaka 2018 Arusha na 2019 Dar es Salaam, maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ikarudi benki.

Sasa tufanye hesabu. Krona moja imekuwa ikienda kwa zaidi ya shilingi 200 za Tanzania. Sarafu zile sita, krona 60, ni zaidi ya shilingi 12,000: sahani nne au tano za wali kwa mama ntilie. Waliozitoa walidhani wamelipa. Aliyezipokea alifanya kazi bure, halafu akabaki na kazi nyingine ya kumtafuta Msweden wa kuzinunua. Wenzetu walizinunua krona zile kwa shilingi na kurudi nazo. Wanasema kila mmoja wetu anaweza kufanya hivyo: ukiombwa kubadilisha sarafu za kwenu, badilisha. Wewe hupotezi kitu, na mwenzako anapata jasho lake.

Noti zilizokufa

Noti nayo inaweza kufa, na watu wengi hawapewi taarifa ya msiba. Hapa Sweden noti zote zilibadilishwa katika muda mfupi. Oktoba 2015 zilitoka noti mpya za 20, 50, 200 na 1,000; Oktoba 2016 zikafuata za 100 na 500. Noti za zamani za 20, 50 na 1,000 zilikoma kutumika baada ya tarehe 30 Juni 2016, na za 100 na 500 baada ya tarehe 30 Juni 2017.

Namna ya kuzitambua ni kutazama sura. Ukimwona Selma Lagerlöf kwenye ishirini, Jenny Lind kwenye hamsini, Carl von Linné kwenye mia, mfalme Karl XI kwenye mia tano au Gustav Vasa kwenye elfu, noti hiyo imekufa. Walio hai ni Astrid Lindgren (20), Evert Taube (50), Greta Garbo (100), Ingmar Bergman (200), Birgit Nilsson (500) na Dag Hammarskjöld (1,000). Huyu wa mwisho anatuhusu zaidi kuliko tunavyokumbuka. Alikufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akiwa njiani kutafuta suluhu ya vita vya Katanga, nchi ambayo watu wake wengi wanazungumza Kiswahili.

Hapa Stockholm mwenye noti iliyokufa anaweza kuiomba Riksbanken iinunue, akajaza fomu na kulipa ada. Mpagazi wa Moshi hana njia hiyo. Kwa hiyo noti ya Linné iliyokutwa kwenye droo ya bibi isifungwe kwenye begi la safari eti "huko watajua wenyewe".

Kenya nayo ilifanya hivyo kwa kishindo. Tarehe 1 Juni 2019, Siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza noti mpya mbele ya umati kule Narok. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipewa miezi minne tu, hadi tarehe 30 Septemba. Lengo lilikuwa kuwabana waliolimbikiza fedha haramu, na mwisho wake noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi benki. Tanzania iliondoa noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, na wenye nazo walitakiwa kuzibadilisha kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025. Ukiachiwa noti za zamani na rafiki aliyesafiri miaka mingi iliyopita, zikague kwanza kabla ya kumpa mtu kama asante.

Dola ya Marekani ina adabu zake. Nyumbani kwake noti ya zamani ni halali, lakini Afrika Mashariki dola iliyochapishwa kabla ya mwaka 2006 mara nyingi hukataliwa. Goma na Bukavu, ambako dola ni pesa ya kila siku, mchaniko mdogo ukingoni unatosha noti kurudishwa. Na dola mojamoja hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti ya mia. Tena tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kwa ufupi: badilisha benki, kisha toa shilingi.

Tembo, faru, simba na Mwalimu

Noti za Tanzania hazina ugumu ukizijua kwa picha. Elfu moja ni ya buluu na ina sura ya Mwalimu Nyerere. Elfu mbili ni ya kahawia na ina simba. Elfu tano ni ya zambarau na ina faru. Elfu kumi ni nyekundu na ina tembo. Mia tano ilikuwa noti ya kijani yenye sura ya Mzee Karume. Tangu mwaka 2014 ni sarafu. Kosa la kawaida la mgeni ni kuhesabu sifuri badala ya kutazama rangi, akampa dereva tembo akidhani ni Mwalimu.

Mitaani, noti hizo zina majina mengine. Elfu moja ni "buku", mia tano ni "jero", na "buku jero" ni elfu moja na mia tano. Elfu kumi huitwa "msimbazi" kwa wekundu wake, kwa kuwa klabu ya Simba ndiyo Wekundu wa Msimbazi. Mchuuzi akisema "kumi" tu, anamaanisha elfu kumi, na "tano" ni elfu tano. Laki ni elfu mia moja. Kenya msamiati unabadilika: "mbao" ni shilingi ishirini, "soo" ni mia, "thao" ni elfu.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa kwa anayevuka mpaka wa Namanga au Horohoro. Nchi zote mbili zina noti ya shilingi elfu moja, na neno ni hilohilo la Kiswahili. Lakini shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi 20 za Tanzania. Ukimpa mbeba mizigo elfu ya Tanzania upande wa Kenya, umempa kama shilingi hamsini. Ukikosea upande wa pili, umetoa mara ishirini ya ulichokusudia. Wanaosoma Kiswahili wana njia rahisi ya kuzitofautisha. Noti ya Tanzania imeandikwa "Benki Kuu", na ya Kenya "Banki Kuu". Irabu moja inakuonyesha uko nchi gani. Noti za Kenya za tangu mwaka 2019 hazina sura ya mtu, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 inakataza. Zote zina jengo la KICC. Hivyo tegemea rangi: hamsini nyekundu, mia zambarau, mia mbili buluu, mia tano kijani, elfu kahawia. Angalia pia kwamba rangi zinapishana: nyekundu ya Tanzania ndiyo noti kubwa kuliko zote, nyekundu ya Kenya ndiyo ndogo kuliko zote.

Mwenzetu mmoja asiyeona alitufundisha zaidi ya tulivyotarajia. Noti za Sweden zina kimo kimoja, milimita 66, lakini urefu unaongezeka kutoka milimita 120 kwa ishirini hadi 154 kwa elfu moja, na vidole vyake vinazipambanua. Noti za Tanzania nazo hukua kadiri thamani inavyopanda, ila tofauti ni ndogo na noti iliyochakaa hudanganya. Dola zote zina ukubwa mmoja. Kwa ajili hiyo chama cha wasioona cha Marekani kiliishtaki Wizara ya Fedha, na mahakama ikakipa haki mwaka 2006, kisha mahakama ya rufaa mwaka 2008. Mwenzetu anazikunja noti asubuhi kabla hajatoka: elfu moja anaiacha wazi, elfu mbili anaikunja mara moja kwa upana, elfu tano kwa urefu, elfu kumi mara mbili. Tumejaribu njia yake. Ndani ya daladala usiku, au mvua ikinyesha juu ya bodaboda, hata mwenye macho mazima atamshukuru.

Chai, hongo na takrima

Lugha nayo ina mitego yake. Kiswahili kina "bakshishi", neno lenye asili ya Kiajemi lililopita bandari nyingi kabla ya kufika pwani yetu. Kiswidi kina "dricks", yaani pesa ya kunywea. Mwanafunzi mwerevu angeweza kutafsiri "dricks" kuwa "pesa ya chai" akadhani amepatia. Kwa mhudumu wa hoteli itaeleweka. Kwa askari wa barabarani au karani wa ofisi, "chai" ni rushwa, sawa na "kitu kidogo" kwa Wakenya. Ukitaka kumshukuru mtu kwa kazi yake, sema "hii ni asante yako" au "chenji baki nayo". Mwenye ofisi ya umma usimpe kitu.

"Hongo" ina historia ndefu zaidi. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru halali ambao misafara ililipa kwa watawala wa nchi ilizopita. Haikulipwa kwa noti. Ililipwa kwa shanga, kwa nyaya za shaba, na kwa kitambaa cha pamba kilichoitwa "merikani" kwa sababu kilitoka Marekani. Mkuu wa msafara aliyebeba shanga za rangi isiyopendwa mwaka ule alikuwa katika hali ileile ya mgeni mwenye sarafu za krona: mali anayo, lakini hakuna anayeitaka. Leo neno limebaki na maana ya rushwa tu. "Takrima" nayo, ambayo ni ukarimu kwa mgeni, iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi ya Tanzania, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilifungua mlango wa kununua kura.

Maneno yetu ya fedha yenyewe ni mabaki ya pesa za wageni. "Pesa" imetoka India. "Hela" ni heller ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1904 kwa hesabu ya heller mia kwa rupia moja. "Fedha" ni Kiarabu cha madini yenyewe. Sweden haiwezi kucheka: mwaka 1644 ilitengeneza pesa ya bamba la shaba la daler kumi lenye uzito wa karibu kilo 20. Uzito huo ndio uliochangia Stockholms Banco kutoa noti za kwanza za Ulaya mwaka 1661, hapa hapa mjini. Kilo 20 ndio kiwango cha juu cha mzigo anaoruhusiwa kubeba mpagazi wa Kilimanjaro.

Bakshishi ya mlimani

Huko Kilimanjaro ndiko bakshishi inapogusa riziki ya watu wengi kwa mara moja. Wageni wawili wanaweza kupanda na watu kumi: viongozi, mpishi na wapagazi. Kwa wengi wao bakshishi si nyongeza ya anasa; ni sehemu ya malipo wanayoitegemea kulipa ada ya mtoto au kodi ya chumba. Hapa Sweden mshahara wa mhudumu umewekwa kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi, na usipoacha dricks hakuna atakayelala njaa. Tukiipima bakshishi ya Moshi kwa kipimo cha Södermalm tutakosea.

Kosa ambalo wenzetu wameliona ni kumkabidhi mtu mmoja bahasha yenye noti chache kubwa. Noti tatu za mia za dola haziwezi kugawanywa na watu kumi getini. Mmoja atakwenda mjini kuzibadilisha, wengine watasubiri, na mpagazi wa mwisho hajui alipaswa kupata kiasi gani. Mradi wa KPAP wa mjini Moshi, unaotetea haki za wapagazi, umekuwa ukihimiza uwazi katika jambo hili. Njia nzuri ni hii: badilisha mapema, gawa kwa noti ndogo, kisha siku ya mwisho taja kiasi cha kila mmoja mbele ya wote, kwa Kiswahili. Mafunzo yetu ya namba yatakuwa yamefanya kazi.

Wengine wanauliza, kwa nini tusitume kwa simu? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, miaka mingi kabla ya Swish, na mgeni anaweza kusajili laini kwa pasipoti. Njia hiyo ni nzuri, na mpokeaji hana haja ya kutafuta chenji. Ila kumbuka adabu yake: kutoa pesa kwa wakala kuna makato. Ndiyo maana watu husema "tuma na ya kutolea". Ukituma elfu kumi kamili, umempa pungufu ya elfu kumi.

Kabla ya kupanda ndege

Kutokana na hayo tunapendekeza kwa wanachama mambo manne. Acha sarafu za krona nyumbani. Kagua sura na mwaka wa kila noti unayoibeba. Siku ya kwanza benki, omba noti ndogo kwa wingi. Buku ishirini zitakufaa kuliko misimbazi miwili, maana "sina chenji" utaisikia kutwa. Na ukikutana na mtu mwenye sarafu za kwenu, zinunue kwa bei ya haki.

Tulibishana kuhusu la tano. Baadhi yetu wanaona bakshishi inamfanya mgeni kuwa bwana, na kwamba heri kudai mishahara bora kwa wafanyakazi wa utalii. Mama mmoja wa Tanga anayeishi Rinkeby aliwasikiliza, kisha akawajibu: "Wanangu, mshahara daini, ni haki. Lakini leo jioni huyo mtu anakwenda nyumbani na nini?" Hatukumaliza ubishi huo, na tunawakaribisha walimu wetu kuuendeleza katika toleo lijalo.

Kwenye kikao cha mwisho cha muhula tutaleta noti halisi za Tanzania na Kenya mezani. Kila anayesafiri atazishika, atazikunja, atazitaja kwa majina ya mtaani, na atafanya mazoezi ya kutoa asante bila kuiita chai. Aliye na sarafu za krona alizozinunua safarini azilete pia: fedha hizo zitaingia kwenye mfuko wa klabu wa kununulia kamusi.